Karani wa Dola: Maofisa wa Biashara wa Kisovieti Nchini China

Tarehe 6 Aprili 1927, polisi na askari wa jenerali Zhang Zuolin waliingia katika mtaa wa mabalozi jijini Beijing. Tangu mkataba wa 1901 mtaa huo ulikuwa mikononi mwa mataifa ya kigeni, na polisi wa China hakuwa na haki ya kuukanyaga bila ruhusa. Siku hiyo ruhusa ilikuwepo. Ilikuwa imetolewa na Oudendijk, balozi wa Uholanzi, aliyekuwa mkuu wa jamii ya mabalozi. Kinachonivuta mimi ni majengo yaliyotajwa katika ruhusa ile: ofisi za benki ya Kisovieti ya Mashariki ya Mbali, yaani Dalbank, ofisi ya Reli ya Mashariki ya China, na majengo yanayopakana nazo. Mlango uliolengwa kwanza haukuwa wa balozi. Ulikuwa wa benki na wa reli, mahali pa makarani, wahasibu na madaftari ya hesabu.

Askari walipofika ofisi ya mwambata wa kijeshi wa Kisovieti walikuta karatasi zinaungua. Wakauzima moto, wakazibeba zilizosalia, na baadaye serikali ya Beijing ikazichapisha ili dunia ione njama za Moscow. Walikamatwa Warusi na Wachina wengi. Mmoja wa Wachina hao alikuwa Li Dazhao, miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha China, ambaye alinyongwa tarehe 28 Aprili pamoja na wenzake.

Swali la uchambuzi huu linaanzia kwenye mlango ule wa benki. Ofisa wa biashara wa Kisovieti nchini China alikuwa nani hasa? Mfanyabiashara, mwanadiplomasia, au jasusi? Na siasa zilipochafuka, nani alimwumiza zaidi, mwenyeji wake au aliyemtuma?

Tuanze na sheria iliyomzaa. Tarehe 22 Aprili 1918 serikali ya Lenin ilitaifisha biashara yote ya nje. Kuanzia hapo hakuna raia wa Kisovieti aliyeruhusiwa kununua wala kuuza ng'ambo kwa jina lake mwenyewe. Kila kasha la chai lililotoka Hankou na kila pipa la mafuta ya taa lililoingia Shanghai lilikuwa mali ya dola, likipitia mashirika ya dola: Gostorg kwa bidhaa za jumla, Neftesindikat kwa mafuta, Sovtorgflot kwa meli. Juu yao wote alikaa Mwakilishi wa Biashara, ambaye Moscow ilidai apewe kinga sawa na ya ubalozi.

Madhara ya mpango huo hayaonekani wakati wa amani. Yanaonekana siku ya ugomvi. Mwingereza mwenye duka Shanghai, serikali yake ikikosana na Wachina, aliweza kufunga mlango akasubiri upepo upite. Angeweza hata kuilaumu serikali yake hadharani. Mrusi wa Neftesindikat hakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu serikali ilikuwa ni yeye. Ankara yake ilikuwa hati ya dola, na ghala lake lilikuwa kituo cha dola. Ndiyo maana hata karani aliyekuwa akihesabu mapipa tu alijikuta ndani ya siasa bila kuinua mkono.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: shaka ya Wachina haikuwa ya kubuni. Tarehe 31 Mei 1924 Lev Karakhan, mjumbe wa Moscow, alitia saini mkataba na serikali ya Beijing, upande wa China ukiwakilishwa na Wellington Koo. Septemba mwaka huohuo Moscow ikatia saini mkataba wa pembeni na Zhang Zuolin, mtawala wa Manchuria. Na wakati wote huo ilikuwa inapeleka silaha, fedha na washauri kwa Sun Yat-sen kule Guangzhou, aliyekuwa mpinzani wa serikali hiyo ya Beijing. Fedha za washauri hao na za mapinduzi zilipitia benki ileile iliyokuwa ikilipia chai. Huwezi kuweka baruti na chai katika ghala moja, kisha ukamshangaa mwenye nyumba anapokuja kupekua.

Kwa hiyo ofisa wa biashara alifanya kazi katika China nyingi kwa wakati mmoja, kila moja na mkuu wake, forodha yake na kodi zake, huku bosi wake mwenyewe akiwa upande mmoja wa vita vyao. Februari 1927 meli ya mizigo ya Kisovieti, Pamyat Lenina, ilikuwa inapanda Mto Yangtze. Askari wa jenerali mmoja wa kaskazini waliizuia, wakawakamata waliokuwamo. Miongoni mwao alikuwa mke wa Mikhail Borodin, mshauri mkuu wa Kisovieti kwa Guomindang, chama cha Sun Yat-sen. Mabaharia wakaingia jela kwa sababu ya abiria wao.

Desemba ya mwaka huo mambo yakawa mabaya zaidi. Wakomunisti waliasi Guangzhou tarehe 11, na baada ya siku tatu uasi ukazimwa kwa damu nyingi. Naibu konseli wa Kisovieti, Abram Khassis, alipigwa risasi pamoja na watumishi wenzake. Serikali ya Guomindang huko Nanjing, ambayo sasa ilikuwa imewageuka wakomunisti, ikaamuru ofisi zote za konseli wa Kisovieti katika himaya yake zifungwe, na ofisi za biashara zifungwe pamoja nazo. Mtu aliyekuwa Shanghai akipanga shehena ya mwezi ujao akapewa siku chache afungashe. Hakuna aliyemwuliza kama aliujua uasi wa Guangzhou.

Kaskazini, Manchuria, palikuwa na jambo zito kuliko ofisi zote za kusini: Reli ya Mashariki ya China, iliyojengwa na Urusi ya Tsar kuikata Manchuria hadi Vladivostok. Kwa mikataba ya 1924 reli hii iliendeshwa na pande mbili kama shirika la biashara. Kwa jina ilikuwa biashara. Kwa maisha ya kila siku ilikuwa nchi ndogo yenye stesheni, shule, hospitali na maelfu ya wafanyakazi wa Kirusi, na makao yake makuu yakiwa mji wa Harbin.

Mei 1929 polisi wa Kichina waliivamia ofisi ya konseli wa Kisovieti mjini Harbin. Tarehe 10 Julai mamlaka ya Wachina ikaichukua reli yenyewe, ikamfukuza meneja Aleksandr Emshanov, na ikazifunga Gostorg, Neftesindikat na Sovtorgflot. Raia wa Kisovieti walikusanywa kambini nje ya mji. Moscow ikajibu kwa jeshi chini ya kamanda Blyukher, na vita vya miezi michache vikaisha kwa ushindi wake. Itifaki iliyotiwa saini Khabarovsk tarehe 22 Desemba 1929 ilirudisha reli katika hali ya zamani, na ikaeleza wazi kwamba ofisi za biashara za Kisovieti za Manchuria zifunguliwe tena. Makarani wakarudi kwenye meza zao. Mtu akitazama picha hiyo juujuu atasema dola iliwalinda watu wake kwa mizinga, na mwishoni ilishinda.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 21 Novemba 1929, wakati vita vya reli bado vinaendelea, Moscow ilipitisha sheria juu ya watumishi wake wa ng'ambo. Ofisa atakayeitwa nyumbani akakataa kurudi ahesabiwe msaliti, mali yake itaifishwe, na akitambuliwa apigwe risasi ndani ya saa 24. Chanzo chake kilikuwa Ulaya, ambako maofisa kadhaa walikuwa wamekataa kurudi. Lakini sheria haikuchagua bara. Ofisa wa Harbin au Shanghai aliyepokea simu ya kuitwa Moscow alijua sasa kwamba swali si kama anapenda kurudi.

Kwa nini dola iliwaogopa watu wake iliowachagua na kuwachuja yenyewe? Jibu limo katika kazi yenyewe. Ili kuuza mafuta ya taa Shanghai, lazima ule chakula na wakala wa Kichina, uzoeane na karani wa benki ya kigeni, ujue bei za dunia, ujue nani anapokea rushwa. Ofisa mzuri wa biashara ni mtu mwenye marafiki. Na katika Urusi ya Stalin, rafiki wa kigeni alikuwa ushahidi. Kadiri mtu alivyoifanya kazi yake vizuri ndivyo faili lake lilivyonenepa.

Tarehe 23 Machi 1935 Moscow iliiuza reli kwa Manchukuo, dola iliyoundwa na Wajapani huko Manchuria. Bei ilikuwa yen milioni 140, theluthi moja taslimu na theluthi mbili kwa bidhaa, na juu yake yen milioni 30 za kiinua mgongo kwa wafanyakazi wa Kisovieti wanaoachishwa. Kwa hesabu ya biashara huo ulikuwa mpango wa busara. Reli ilikuwa imezungukwa na jeshi la Japani na ingeweza kunyang'anywa bure. Wafanyakazi na familia zao wakapanda treni kurudi kwao, maelfu kwa maelfu, wakiwa na kiinua mgongo chao na watoto wengine waliozaliwa Harbin, ambao nchi ya wazazi wao hawakuwahi kuiona.

Tarehe 20 Septemba 1937 Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa NKVD, alitia saini amri namba 00593. Ilihusu "Waharbin", yaani watu waliorudi kutoka kwenye reli ile, ambao kwa maelezo ya amri yenyewe walifikia 25,000 hivi. Ilisema wengi wao ni majasusi wa Japani. Katika operesheni hiyo, iliyokusanya na watu wengine wasiowahi kuiona Harbin, waliopigwa risasi walizidi 30,000. Kosa la mhasibu wa stesheni lilikuwa kwamba aliishi mahali ambapo serikali yake ilimtuma aishi. Siku hiyohiyo ya Septemba Karakhan, mtu wa mkataba wa 1924, alipigwa risasi. Emshanov aliyefukuzwa na Wachina mwaka 1929, akarudi kwao mzima, alipigwa risasi pia. Dmitri Bogomolov, balozi wa Kisovieti huko Nanjing, aliitwa nyumbani mwaka huo naye hakusalimika.

Hapa ndipo ninapotoa hukumu yangu, na sioni ushahidi wa kuigeuza. Majenerali wa China, Guomindang na polisi wa Harbin kwa jumla yao waliua maofisa wa Kisovieti wachache. Moscow iliua maelfu ya watu waliokuwa wameitumikia kote China bila doa. Ukitaka kuandika historia ya maofisa hawa kama kisa cha watu jasiri waliozungukwa na wageni wakali, utakuwa umeandika nusu tu, na nusu iliyo ndogo.

Na angalia biashara yenyewe ilivyoendelea wakati damu hiyo inamwagika. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, Usovieti ndio uliokuwa tayari kuikopesha silaha. Mikopo mitatu ya 1938 na 1939 ilifikia dola milioni 250, ikilipwa kwa chai, sufu, ngozi, bati, antimoni na tangsteni. Mkopo wa kwanza ulitiwa saini Machi 1938. Mwezi huohuo Arkady Rozengolts, aliyekuwa kamishna wa biashara ya nje hadi mwaka uliotangulia, alikuwa kizimbani Moscow katika kesi ya kisiasa ya Bukharin na wenzake. Tarehe 15 Machi aliuawa. Wizara ilikuwa imepoteza mkuu wake, shehena zikaendelea kusafiri.

Xinjiang nitaipitia kwa ufupi. Huko Sheng Shicai alitawala kwa hisani ya Moscow kuanzia 1933, na mashirika ya Kisovieti yakashika biashara, madini na mafuta ya Dushanzi. Mwaka 1942, Hitler alipokuwa ndani kabisa ya Urusi, Sheng alihesabu kwamba mlinzi wake anazama. Akawataka Warusi waondoke. Mwaka uliofuata wakaondoka, wakang'oa na mitambo yao.

Baada ya 1949 ilionekana kama mashaka yote yamekwisha. Nchi mbili, itikadi moja, mkataba wa Februari 1950 wenye mkopo wa dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 1. Mkataba wa biashara wa Aprili 1958 uliweka kisheria kwamba Uwakilishi wa Biashara ni sehemu ya ubalozi, na wakuu wake wana kinga. Mwaka 1959 biashara kati ya nchi hizi ilizidi dola bilioni 2, karibu nusu ya biashara yote ya nje ya China. Katika nyumba za Warusi ziliingia chupa za chai na taulo za Kichina zenye chapa ya Druzhba, neno la Kirusi lenye maana ya urafiki. Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka jina hilohilo la Urafiki mlangoni pa kiwanda cha nguo tulichojengewa na Wachina, kilichofunguliwa mwaka 1968.

Kisha Moscow na Beijing zikagombana, na tarehe 16 Julai 1960 Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, aliwaita nyumbani wataalamu wote wa Kisovieti waliokuwa China. Walikuwa kiasi cha 1,390, na waliondoka ndani ya wiki chache, wengine wakiacha mitambo nusu imefungwa. Balozi Chervonenko mwenyewe aliionya Moscow kwamba kuwaondoa ghafla namna hiyo si sawa. Hakusikilizwa.

Watu wa Uwakilishi wa Biashara wao walibaki. Mhandisi aliweza kuondoka na kumwachia mwenzake machozi stesheni. Ofisa wa biashara alilazimika kukaa na kudai deni la mikopo ya Moscow, lililolipwa kwa bidhaa: nyama ya nguruwe mliyoahidi iko wapi, mayai yako wapi? Na aliuliza hayo katika miaka ambayo Wachina kwa mamilioni walikuwa wakifa kwa njaa, njaa iliyoletwa hasa na sera za viongozi wao. Wachina wa kizazi kile husimulia kwamba wakaguzi wa Kirusi walikuwa na pete ya chuma ya kupimia matufaa: likipita kwenye pete, dogo mno, linarudishwa kwa mkulima mwenye njaa. Ni simulizi ya mdomo, lakini ina uzito wake. Inaonyesha kwamba machoni pa mwananchi, deni la Moscow lilikuwa na sura, na sura hiyo ilikuwa ya mkaguzi wa ubora aliyesimama bandarini na pete mkononi.

Mwaka 1961 Khrushchev alijitolea kutoa nafaka tani milioni 1 na sukari tani 500,000 kwa mkopo. Beijing ikakubali sukari, ikakataa nafaka. Desemba 1964 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, aliliambia Bunge la Umma kwamba kati ya ruble milioni 1,406 za deni na riba, milioni 1,389 zimekwisha kulipwa. Taifa lilijikaza likalipa, kwa fahari na kwa uchungu.

Mapinduzi ya Utamaduni yalimkuta ofisa wa biashara akiwa na kazi ndogo mno na hatari kubwa. Mtaa wa ubalozi ulikuwa umebadilishwa jina ukaitwa mtaa wa Kupinga Urekebishaji, yaani kuupinga mwelekeo wa Moscow. Kuanzia mwishoni mwa Januari 1967 vijana wa Mao walioitwa Walinzi Wekundu waliuzingira ubalozi, vipaza sauti vikinguruma usiku na mchana. Wanawake na watoto walisafirishwa Februari, nao kwenye uwanja wa ndege walipitishwa katikati ya mistari ya watu waliowazomea na kuwasukuma. Agosti, katika bandari ya Dalian, baharia wa meli ya Svirsk alikataa beji ya Mao. Nahodha akakamatwa, meli ikashikiliwa, hadi Waziri Mkuu wa Usovieti, Kosygin, alipompelekea Zhou ujumbe wa moja kwa moja ndipo ikaachiwa. Mnyororo mzima wa biashara kati ya dola mbili kubwa ulining'inia kwenye kipande cha bati kinachobandikwa kifuani.

Mwaka 1970 biashara ilikuwa imeporomoka hadi dola milioni 47 hivi. Lakini haikufika sifuri. Hata damu ilipomwagika mpakani, kwenye Mto Ussuri, Machi 1969, ofisi haikufungwa. Novemba 1970 wakatia saini makubaliano mapya, wakahesabiana kwa faranga za Uswisi kwa kuwa hakuna aliyetaka kuitegemea sarafu ya mwenzake, na mwaka uliofuata biashara ikapanda zaidi ya mara tatu.

Kuna urithi mwingine wa miaka ile, na huo umetufikia sisi. Januari 1964, akiwa ziarani Afrika Magharibi, Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya China. Mikopo isiwe na riba, au riba iwe ndogo. Wataalamu wa China waishi kwa kiwango sawa na wataalamu wa nchi wenyeji, wasidai makubwa. Ukizisoma kanuni hizo huku unaikumbuka ile riba ya asilimia 1 na ule Julai wa 1960, unaona kila moja imeandikwa na mtu aliyeumia. Reli ya TAZARA ilijengwa chini yake: kilomita 1,860, mkopo wa yuani milioni 988 bila riba, sehemu ya gharama za hapa ikilipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu. Waliolala kwenye mahema ya Mlimba pamoja na vibarua wetu walikuwa wanatekeleza somo lililopatikana kwa Warusi.

Desemba 1984 Ivan Arkhipov, aliyewasimamia wataalamu wa Kisovieti nchini China katika miaka ya 1950, alirudi Beijing akiwa naibu waziri mkuu. Chen Yun na wazee wengine waliomfahamu walimpokea kama rafiki wa zamani. Julai iliyofuata nchi hizo zikatia saini mkataba wa biashara wa miaka mitano wenye thamani ya dola bilioni 14. Urafiki uliokuwa hatari kwa mtu mwaka 1937 ndio uliofungua mlango.

Karakhan alisafishwa jina mwaka 1956. Rozengolts, mkuu wa maofisa wote wa biashara ya nje wa zama zake, alisafishwa na Mahakama Kuu ya Usovieti Februari 1988, miaka 50 kasoro mwezi mmoja hivi tangu alipopigwa risasi.